Dada Mwenye Toroli: Kazi Yake Kwenye Tamthilia na Kazi Yake Hotelini

Mlango unagongwa mara mbili. Sauti ya kike inaita, "Usafi!" Kimya. Kadi inagusa kitasa, kijitaa cha kijani kinawaka, na dada mwenye sare anaingia akisukuma toroli. Aliyezoea tamthilia za hoteli hahitaji kuambiwa kinachofuata: ama kuna maiti bafuni, ama kuna bahasha chini ya mto, ama mgeni tajiri anatoka kuoga na mapenzi yanaanzia hapo hapo. Jambo moja tu halitatokea. Chumba hakitasafishwa.

Kila tamthilia ya namna hii inapopendwa, maswali hurudi yale yale. Kweli hawa watu hupekua mizigo? Mbona wana muda mwingi wa kupiga soga? Kazi yenyewe si kutandika kitanda na kukunja taulo tu? Na waliowahi kuifanya kazi hiyo hucheka, kisha huudhika kidogo, kisha hubadilisha stesheni.

Tuanze na majina, maana nusu ya mkanganyiko iko hapo. Idara inayohusika na usafi hotelini wengi huiita hausikipingi. Ndani yake yumo mhudumu wa vyumba, ambaye hupangiwa vyumba kadhaa kwa zamu na kuviandaa kimoja baada ya kingine. Yumo mfanya usafi wa maeneo ya wote: lobi, korido, lifti, vyoo vya chini. Wamo wa dobi, ambao mgeni huwa hawaoni kabisa. Yumo anayepandisha mashuka safi na kushusha machafu, kuhamisha vitanda na kubeba vizito. Yumo msimamizi wa ghorofa, ambaye hukagua chumba kabla hakijatangazwa kuwa tayari, na juu yao wote mkuu wa idara. Tamthilia huwachukua watu wote hawa na kuwakunja kuwa mmoja, naye huwa msichana, huwa mrembo, na ajabu ni kwamba huwa hana jasho.

Kisha humchanganya na mtumishi wa nyumbani, ambaye ni mtu mwingine kabisa. Mtumishi wa nyumbani hukaa na familia moja miaka na miaka. Anajua nani anadaiwa, nani halali nyumbani, mtoto yupi si wa baba. Mhudumu wa vyumba hukutana na maisha ya mtu kwa nusu saa, na mara nyingi mwenyewe hayupo. Mchanganyo huo unaonekana hata kwenye mavazi. Gauni jeusi, aproni nyeupe na kile kifagio cha manyoya ni vazi la watumishi wa majumba ya matajiri wa Ulaya ya karne ya 19. Hotelini leo utakuta blauzi pana, suruali, viatu visivyoteleza na vitambaa vya rangi tofauti, ili cha chooni kisije kikapangusa glasi. Kifagio cha manyoya chenyewe hakiondoi vumbi. Hulihamisha tu kutoka mezani kwenda hewani.

Kwa nini waandishi wanampenda

Mwandishi wa tamthilia ya hoteli ana tatizo la kiufundi. Wahusika wake hawajuani, na kila mmoja amejifungia chumbani kwake. Anahitaji uzi wa kuwaunganisha. Mpishi yuko jikoni. Wa mapokezi haondoki kaunta. Meneja akigonga mlango wa mgeni lazima awe na sababu. Anayeruhusiwa kuingia kwa kila mtu, kila siku, bila kuulizwa chochote, ni mmoja tu: mwenye toroli. Kwa hiyo hadithi humtumia kama ufunguo. Mwandishi akitaka mtazamaji aone kilichomo katika chumba namba fulani, humtuma yeye akafungue. Kikishaonekana, kazi ya ufunguo imekwisha na kamera inaondoka na wengine.

Angalia Gran Hotel, tamthilia ya Hispania iliyorushwa kati ya 2011 na 2013 na ambayo visa vyake vinaanzia mwaka 1905. Kisa kinafunguka kwa mtumishi wa hoteli aitwaye Cristina kutoweka. Kaka yake anakuja kumtafuta, anajifanya mhudumu wa mezani, na kuanzia hapo hadithi ni ya kaka na ya wenye hoteli. Cristina amefungua mlango, basi. Uingereza nako, Crossroads, tamthilia ya motel moja iliyoanza mwaka 1964 na kudumu hadi 1988, ilikuwa na mfanya usafi maarufu aliyeitwa Amy Turtle. Ili apate kisa kikubwa cha kwake, waandishi waliona afadhali ashukiwe kuwa jasusi wa Kirusi. Ndoo na dekio havikuonekana kutosha.

Ufunguo hauna masikio, ila hadithi inataka maneno, na hapo ndipo linapozaliwa kosa jingine. Kwenye tamthilia wahudumu huwa wawili wawili, mmoja upande huu wa kitanda na mwingine upande ule, wakisengenya wageni huku shuka likipepea katikati yao. Zipo hoteli zinazowapanga kwa jozi, lakini katika nyingi mhudumu hufanya kazi peke yake, mlango ukiwa wazi au toroli limewekwa mbele yake, na anaweza kumaliza saa nzima bila kusema na mtu. Mwandishi anawaweka wawili kwa sababu mtu mmoja aliyenyamaza hatoi mazungumzo. Mtazamaji naye anabaki akidhani kazi hiyo ni baraza ya soga.

Saa, si ufunguo

Ukimuuliza anayeifanya kazi hii ni nini kinachotawala siku yake, hatakutajia siri za wageni. Atakutajia idadi. Asubuhi hupewa orodha ya vyumba, na vyumba hivyo lazima viishe kabla zamu haijaisha.

Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Alia Crum na Ellen Langer, walichapisha utafiti uliohusu wahudumu wa vyumba 84 katika hoteli saba. Kwa wastani kila mmoja alisafisha vyumba 15 kwa siku, na kila chumba kilichukua dakika 20 hadi 30. Chukua kalamu. Vyumba 15 mara dakika 30 ni dakika 450, yaani saa saba na nusu. Zamu ni ya saa nane. Katika nusu saa iliyobaki ingiza kupakia toroli, kungoja lifti, kushuka kufuata foronya zilizopungua, kwenda haja na kula. Haiingii. Kwa hiyo dakika hukatwa kutoka mahali fulani, na mara nyingi hukatwa kutoka mgongoni mwa mhudumu: anakimbia, anaruka mapumziko, au anaanza kabla zamu haijaanza.

(Utafiti huo wenyewe ulikuwa na jambo la kuchekesha. Wengi wa wahudumu hao walisema hawafanyi mazoezi ya kutosha, ilhali siku nzima walikuwa wakiinama, kusukuma na kunyanyua. Walioelezwa kwamba kazi yao ni mazoezi tosha, baada ya wiki nne walikuwa wamepungua uzito kidogo na shinikizo la damu limeshuka.)

Na vyumba havilingani, jambo ambalo tamthilia hazijawahi kuligusa. Kuna chumba cha mgeni anayeendelea kukaa: unatandika, unabadilisha taulo, unasafisha bafu, unamwaga taka, hugusi vitu vyake. Na kuna chumba cha mgeni aliyeondoka. Hicho kinaanza upya: mashuka yote yanavuliwa, droo zinafunguliwa moja moja, nywele zinaokotwa kwenye sinki, kioo, bomba, rimoti, chini ya kitanda. Lazima atakayeingia jioni aamini kwamba hajawahi kulala mtu humo. Fikiria umeambiwa upike vyungu 15 leo, kisha unagundua kuwa katika sita kati yake lazima kwanza usugue ukoko wa jana. Idadi kwenye karatasi ni ile ile. Siku si ile ile.

Kisha kuna mgeni ambaye bado amelala saa tano. Kibao cha "Usinisumbue" kinaning'inia mlangoni, mhudumu anaruka, anakwenda chumba cha mbali, anarudi, kibao bado kipo. Mtu wa nje huona chumba kimoja kimepungua. Yeye anaona safari tatu za korido na chumba kitakachomwangukia saa tisa, wakati mapokezi tayari wanapiga simu kwamba wageni wapya wamefika na wamekaa juu ya mabegi yao. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hotelini mgeni hapewi jembe hata akikaa mwezi, kwa kuwa jembe lina mtu wake.

Mwili hulipa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliochunguza rekodi za majeraha katika hoteli 50, ulikuta wahudumu wa vyumba wanaumia kwa kiwango cha 7.9 kwa kila wafanyakazi 100 kwa mwaka, wakati wastani wa wafanyakazi wote wa hoteli hizo ulikuwa 5.2. Sababu haina fumbo. Vitanda vya hoteli vimekuwa vikubwa, magodoro yamekuwa manene, mito imezidi, na kila kona ya godoro lazima inyanyuliwe ili shuka lichomekwe. Jimbo la California lilifikia hatua ya kutunga kanuni maalumu ya kuwakinga wahudumu hao na maumivu ya misuli na viungo, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2018. Inawataka waajiri kukagua namna kazi inavyofanywa chumbani na kutoa vifaa vinavyofaa, kwa mfano vyenye mpini mrefu, ili mtu asisugue bafu akiwa amepiga magoti.

Wapo watakaosema haya yote hayafai kwa televisheni: kazi inajirudia, haina maneno, na hakuna atakayekaa kumtazama mtu akisugua vigae. Nakubali nusu. Tamthilia ya dakika 45 haiwezi kuonyesha vyumba 15. Lakini saa inayokimbia ndicho chombo ambacho tamthilia hukipenda kuliko vyote. Za hospitali zinaishi kwa saa. Za polisi zinaishi kwa saa. Hata za mapishi siku hizi zina saa kubwa ukutani na watu wanalia kwa sababu ya keki. Hapa kuna kazi yenye saa ndani yake, yenye mkaguzi anayekuja mwisho na kidole chake, yenye mgeni aliyekaa juu ya begi lake chini, na bado waandishi wanakwenda kutafuta maiti. Naiona kuwa ni uvivu zaidi kuliko ugumu.

Maiti, wizi na taulo

Tuzungumzie hiyo maiti. Watu hufia hotelini kama wanavyofia popote wanapolala, na ni kweli kwamba mara nyingi anayegundua ni mhudumu wa vyumba. Lakini kwenye tamthilia hupiga ukelele, huangusha sinia, kisha huinama na kumgusa marehemu. Sinia si lake, ni la mhudumu wa chakula. Na anachofundishwa ni kinyume chake: usiguse kitu, toka, funga mlango, mwite msimamizi na ulinzi, kaa karibu mtu asiingie. Hata kile kibao cha "Usinisumbue" hakina tena nguvu kiliyokuwa nayo. Oktoba 2017 mtu mmoja alifyatulia umati risasi kutoka chumba cha hoteli jijini Las Vegas, akiwa ameingiza silaha chungu nzima humo. Baada ya hapo hoteli kadhaa kubwa zilibadili taratibu, chumba kisipite muda fulani bila mfanyakazi kuingia kukitazama.

Wizi ndio uzushi unaowaumiza zaidi, maana mgeni aliyetazama tamthilia huingia hotelini akiwa ameshahukumu. Fikiri kidogo. Kitasa cha kadi hutunza kumbukumbu: kadi ipi ilifungua, saa ngapi, dakika ngapi. Pete ikipotea, jina la kwanza kutoka ni la mhudumu, na yeye analijua hilo kuliko yeyote. Ndani ya jengo zima ndiye mtu ambaye kuiba kwake kungegundulika upesi zaidi. Wezi wapo katika kila kazi, na katika hii pia. Lakini vitu vingi "vilivyoibwa" hukutwa vimeviringishwa ndani ya mashuka yaliyoshushwa dobi, au viko kwenye mfuko wa koti la mwenyewe. Na kila kinachookotwa huandikwa kwenye daftari la vilivyosahaulika: kitu gani, chumba gani, tarehe, nani kakiona. Sijawahi kuliona daftari hilo kwenye tamthilia yoyote, ilhali ndani yake mna hadithi za kutosha misimu mitatu.

Sasa yule mgeni aliyetoka kuoga. Kwenye skrini ni mwanzo wa mahaba: taulo kiunoni, tabasamu, dada anaona haya. Mwaka 2016 chama cha wafanyakazi wa hoteli jijini Chicago kiliwahoji wanawake karibu 500 wa sekta hiyo. Kati ya wahudumu wa vyumba waliohojiwa, asilimia 49 walisema wamewahi kukutana na mgeni aliyewafungulia mlango akiwa uchi au aliyejifunua mbele yao. Mwaka uliofuata baraza la jiji hilo lilipitisha sheria inayozilazimisha hoteli kuwapa wafanyakazi wanaoingia vyumbani peke yao kitufe cha kuomba msaada, cha kubeba mwilini. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani nalo lilipitisha Mkataba namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini, na mkataba huo unagusa pia ukatili unaotoka kwa watu wa nje, wageni na wateja wakiwemo. Kwa hiyo onyesho ambalo mwandishi analiita utamu, wanaoifanya kazi hiyo wanavaa kengele kwa sababu yake. Sisemi mapenzi hayatokei hotelini. Nasema taulo lile lina maana mbili, na tamthilia imechagua moja.

Nani bosi wako?

Hapa pana fundo ambalo hata magazeti hulipita haraka. Tamthilia huonyesha meneja mmoja mkali anayefukuza na kusamehe. Katika hoteli nyingi kubwa mhudumu wa vyumba hajaajiriwa na hoteli. Ameajiriwa na kampuni ya usafi iliyopewa mkataba. Ni kama kumpata fundi kupitia dalali: fundi yuko sebuleni mwako, anatumia maji yako, anajua mpaka unapoweka funguo, lakini siku akisema hajalipwa unamwambia aende kwa dalali. Dalali naye anasema bei niliyokubaliana na mwenye nyumba ni hiyo hiyo. Aliye katikati anabaki akihesabu vyumba.

Mwaka 2019 wahudumu wapatao 20 wa hoteli moja ya eneo la Batignolles, Paris, wengi wao wanawake wenye asili ya Afrika, waligoma. Walitaka kupunguziwa kasi ya vyumba kwa saa na kupata masharti bora kutoka kwa kampuni iliyowaajiri kwa niaba ya hoteli. Mgogoro ulidumu miezi 22, wakipiga ngoma na kuimba nje ya mlango wa hoteli, mpaka Mei 2021 walipopata makubaliano yaliyoongeza malipo na kupunguza kasi. Mmoja wa viongozi wao, Rachel Keke, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mbunge wa Ufaransa. Mpelekee mtayarishaji wa tamthilia kisa hicho bila kumwambia kimetokea, atakwambia umezidisha chumvi. Hispania nako wahudumu wa vyumba wana kundi lao liitwalo Las Kellys, jina lililotokana na mchezo wa maneno ya Kihispania yenye maana ya "wanawake wanaosafisha". Hawa si watu wa kungoja mgeni tajiri awaokoe.

Kuna jambo moja ambalo tamthilia hulipatia, na lazima nilikiri. Ni kule kutoonekana. Mgeni anazungumza na wakili wake kwenye simu, anagombana na mkewe, anahesabu noti kitandani, wakati mtu mzima amesimama mita mbili anapangusa kioo. Waliofanya kazi hii husimulia hivyo hivyo. Husimulia pia namna wanavyomsoma mtu asiyekuwepo: kwa dawa zilizo mezani, kwa mto mmoja uliolowa, kwa chupa zilizofichwa nyuma ya pazia. Mwandishi huyachukua haya na kuyageuza upelelezi. Kwao ni mambo wanayoyaona wakiwa njiani kwenda chumba kinachofuata.

Ukikaa tena kutazama tamthilia ya hoteli, liangalie toroli. Asubuhi huwa limejaa mashuka na taulo juu, na mfuko wa nguo chafu umelala bapa. Kila chumba kikipita, juu panapungua na mfuko unatuna, kiasi kwamba msimamizi hutupa jicho tu kutoka mwisho wa korido akajua mtu yuko chumba cha ngapi. Kwenye skrini utaambiwa ni jioni, jua linazama dirishani, dada ametoka kugundua siri ya tatu ya siku hiyo. Na taulo zake bado zimepangwa mpaka juu, hakuna hata moja iliyotoka.